Mashine Haikuniua

Ndugu zangu, mniwie radhi. Mchungaji ameniambia nishuhudie kwa upole, nikamwitikia ndiyo. Lakini nimesimama hapa nimekasirika, na nitasema hivyohivyo.

Mnanijua, mimi ni mchuma chai. Masika iliyopita nilibanwa na kikohozi na homa. Nyumbani wakasema malaria, wakaninunulia vidonge dukani. Siku ya tano nahema nimekaa kitandani, hata kuita mtu siwezi. Ndipo wakanipeleka hospitali Tukuyu. Wakanibana kidole na kile kipimo cha oksijeni, wakaangaliana, wakanivisha barakoa ya oksijeni na kunikimbiza Mbeya, wodi ya mahututi.

Huko nikapigwa picha ya kifua. Mapafu yote mawili meupe, yamejaa maji! Wakapima na moyo, mzima. Daktari akamwambia kaka yangu, "Maji haya hayatokani na moyo. Nimonia imeharibu mapafu yenyewe, yamevimba yakajaa. Oksijeni ya barakoa haimtoshi. Tumwekee mpira kooni, mashine impumulie wakati tunamtibu."

Kaka akaja juu. "Mashine? Hapana! Yule mgonjwa wa Mpuguso aliwekwa mashine, tukaletewa sanduku. Tupeni mtu wetu akafie nyumbani."

Jamani, nilikuwa nasikia! Wanapanga mazishi yangu nami nimekodoa macho! Nilitaka kumtukana, pumzi sina. Na kilichoniuma zaidi, maneno yale yalikuwa yangu. Kwenye msiba ule wa Mpuguso ni mimi niliyekaa mkekani nikawaambia akina mama, "Mashine ndiyo iliyommaliza." Nani aliniambia? Hakuna. Nilisema tu, nanyi mkaitikia "eee".

Nesi mmoja, binti aliyekuja huku kikazi, akamsogeza kaka pembeni, akanishika mkono. "Mama, anayeumwa ni wewe. Unataka mashine? Kama unataka, nibane."

Nawaambia, nilimbana mpaka akalia "aii!" Akamgeukia kaka: "Mwenye mwili ameshajibu."

Wakanilaza kwa dawa ya usingizi. Kila siku walinigeuza kifudifudi masaa mengi, ili mapafu ya upande wa mgongo yapate hewa. Kaka akafoka tena, eti nimelazwa kama gunia la viazi. Hawakumsikiliza, Mungu awabariki. Nilipoamka sauti hakuna, miguu haina nguvu. Nilijifunza kutembea upya, nashika ukuta.

Nesi yule, popote alipo, ndaga fijo. Asanteni pia madaktari, asanteni mlionichotea maji miezi ile yote. Nanyi mnaokaa misibani, msilolijua msiliseme! Ukiona mtu ana homa na pumzi inambana, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Na mgonjwa akiwa na fahamu, muulizeni yeye.

Kaka yangu yupo hapa, simtaji, yule anayeangalia viatu vyake. Nimekusamehe? Bado. Lakini siku ukizidiwa wewe hata fahamu huna, karatasi ya kukubali mashine nitasaini mimi. Utanikasirikia ukishapona.