Yeremia Nkwabi, Mwalimu Aliyepanda Boti za Wanafunzi Wake

Ndugu waombolezaji, mimi ni Suzana, mdogo wa marehemu. Mwalimu Yeremia Nkwabi alizaliwa Kisesa tarehe 12 Machi 1961, mtoto wa tatu wa Mzee Nkwabi na Mama Dorotea. Tangu utoto aliota ndoto akiwa macho. Ukimtuma kuni, unamkuta ameketi anautazama mti, tayari ameshauona mtumbwi ndani yake.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1975, hakuchaguliwa kwenda sekondari. Baba alisononeka, maana alitaka karani. Yeye akasomea useremala, kisha kuunda boti. Tangu 1988 hadi alipostaafu mwaka 2021 alifundisha chuo cha ufundi pale Igoma, halafu akafungua karakana ya mafunzo Kirumba. Asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya ziwa, alikuwa akisimama pale soko la samaki la Mwaloni na kuniambia, "Mdogo wangu, boti moja ikishuka majini, muuza barafu anapata, mama lishe anapata, mtoto anakwenda shule. Nchi inajengwa hivyo." Chai yake ilikuwa inapoa.

Kwake hukufaulu mpaka uipige kasia boti uliyoiunda, mwalimu akiwa abiria wako. Gladness, binti wa kwanza kufundishwa naye, alilipua kazi ya kuziba nyufa kwa pamba. Maji yakamfika mwalimu kiunoni.

"Mwalimu, tunazama!"

"Naona. Wewe piga kasia."

Walifika wamelowa chapachapa, yeye anacheka. Boti ya pili ya Gladness haikuvuja.

Mwaka 1990 alifunga ndoa na wifi yangu Rose, wakajaliwa Jonathan na Precious. Wifi, nani mwingine angevumilia maranda ya mbao hadi kitandani?

Figo zilianza kumsumbua Juni 2024. Kifo hakukiogopa; aliogopa karakana kufungwa. Alimwomba Gladness aichukue. Gladness, mwenye ajira nzuri kiwandani, akaomba muda wa kufikiri. Kila alipozinduka kaka aliuliza, "Amesemaje?" Tulimwambia bado anafikiri. Alifariki Jumanne alfajiri, tarehe 10 Februari 2026.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu wanne, mimi, na mafundi waliotapakaa ufukwe mzima wa ziwa hili.

Kaka, Gladness alikuja jana msibani. Ameacha kazi kiwandani, na Jumatatu anafungua karakana. Inaniuma kwamba hukumsikia mwenyewe. Basi usiulize tena. Pumzika kwa amani.