Mawese Kwenye Freni ya Mbele

Bandugu na bamama, Bwana asifiwe. Mi si mutu wa kusema mbele ya batu. Mi ni fundi, na munanijua bote. Lakini leo nimeomba nafasi, kwa sababu wivu wangu ulikuwa karibu kuua mutu, na mutu huyo anaishi hapa Baraka na sisi. Sitataja jina la mutu yeyote. Langu munalo, linatosha.

Ilikuwa miaka ile ya vita. Barabara ya Uvira ilikuwa imefungwa, na moto, pikipiki hizi, zilizobaki hapa kwetu zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Zote zilikuwa zangu. Nasema zangu kwa sababu ikiharibika, inasukumwa mupaka kwangu. Munyororo, kabureta, freni ya kamba, nilifanya yote kwa spana tatu na nyundo. Bamama bakipita wananiita "fundi," na mi naitika nikiwa nimenyoosha shingo. Nilipenda sana kuitwa hivyo. Nilipenda kupita kiasi.

Kisha akarudi fundi mwenzangu mumoja kutoka kambi ya bakimbizi ng'ambo ya ziwa, Tanzania. Akafungua kazi ng'ambo ya pili ya njia, tunaonana uso kwa uso. Alikuwa anajua freni ya mafuta, ile isiyo na kamba. Ukikamata mukono wake pale kwenye usukani, mafuta ndani ya bomba yanasukuma na gurudumu linasimama. Mi sikuijua hata kidogo. Batu bakiniuliza, nilikuwa nasema hiyo ni freni ya kuonyesha tu, haina maana.

Moto ya chanjo ndiyo iliyonichoma. Muganga wetu, yule wa kudunga batoto sindano za surua, alikuwa na moto yenye freni ya namna hiyo mbele. Siku moja nikamuona anaisukuma, nikasimama, nikajifuta mikono. Akanipungia, akakata kona, akaenda kule kwa mwenzangu. Ndugu zangu, nawaambia, siku hiyo sikula.

Nikaanza kumuchunguza yule mutu. Nani amesimama kwake, nani amecheka naye, amepewa kiti na nani. Kucheka kwake kulinikera. Hata namna alivyonawa mikono na sabuni kabla ya kula nilichukia, eti anatuonyesha kwamba sisi tuko bachafu. Nikamuambia muke wangu, "Shati lile hakununua, aliiba kambini."

Akanijibu, "Shati iko safi tu. We ndiye uko na wivu."

Sikuongea naye siku mbili, kwa sababu alisema kweli.

Sasa freni ya muganga ikalegea. Unakamata mukono, unazama mupaka mwisho na moto inaendelea kwenda. Mwenzangu akapima akasema hewa imeingia ndani ya bomba, lazima kuitoa, lakini mafuta yake ya freni yamebaki kidogo chini ya chupa. Akamuambia muganga, "Usiipande kwanza. Niende Swima, kuna mutu wa mutumbwi ananiletea chupa." Akaiacha moto kwake, akaenda.

Siku ya tatu hajarudi. Kule Fizi, mulimani, surua ilikuwa inamaliza batoto. Muganga akaichukua moto yake, akaja kwangu, uso umemuanguka.

"Fundi, we unaweza hii?"

Nilipaswa kusema sijui. Ni neno dogo, nikashindwa kulitoa. Nikasema, "Freni hii tu? Yule anakuzungusha bure."

Nikaingia jikoni kwa muke wangu, nikachota mawese, nikayachuja na kitambaa. Niliona mafuta ni mafuta. Nikafungua kile kikopo kidogo juu ya usukani, nikamimina, nikakamata mukono, nikaachilia, nikakamata, mapovu yakapanda mupaka mukono ukawa mugumu. Muganga akazunguka nayo hapa chini, ikasimama vizuri. Akanishika mukono kwa mikono miwili. Bandugu, nilikuwa na furaha, na furaha yenyewe haikuwa ya batoto ba Fizi. Nilikuwa nawaza sura ya yule mutu akirudi na chupa yake.

Bamama, munaanza kutikisa kichwa. Mi ndiye fundi, na ninyi munajua kuliko mi. Mawese hapa kando ya ziwa, kwenye joto, yanatiririka. Yapandishe mulimani, yalale kwenye baridi, asubuhi yameganda, unayasogeza karibu na moto wa jikoni ndipo yatoke kwenye chupa. Muganga alilala Fizi. Asubuhi akaanza kuteremuka. Kwenye kona akakamata freni, mukono ukagoma, haukwenda mbele wala nyuma. Akaingia korongoni na sanduku la chanjo. Paja likavunjika. Batu bakamubeba kwa kipoyi, kitanda cha miti cha mabegani, mupaka hospitali ya Nundu, hana fahamu, hawezi kuambia mutu lolote.

Na batu ba Baraka bote walijua moto ilikuwa imelala kwa mwenzangu; kwamba ilipita kwangu, mi sikusema.

Bale benye bunduki, baliokuwa banashika muji wetu, bakamukamata mwenzangu siku aliyorudi, na chupa yake mukononi. Bakasema ametoka ng'ambo, ametumwa, ameharibu freni ili muganga afe. Miaka ile neno hilo likisemwa juu yako, umekwisha. Kisha wakanitafuta mi. Komanda alitaka fundi wa hapa, wa zamani, aangalie freni na atoe ushuhuda.

Hapa ndipo naomba musikilize. Batu bengi munanisifu kwamba nilienda kule kusema kweli. Hapana. Njiani nilikuwa nimekata shauri. Nitasema ni yeye. Nilikuwa nimepanga na maneno yenyewe: "Hewa iliachwa ndani." Nilihesabu hata moto zitakazorudi kwangu.

Nikaingia kwenye darasa la shule balimokuwa banakaa. Moto ilikuwa imelazwa pale, gurudumu limepinda. Mwenzangu alikuwa chini, amefungwa mikono, damu imekauka kwenye shati lile safi. Aliponiona akapumua.

"Afadhali," akamuambia komanda. "Huyu ni fundi. Muulizeni huyu."

Mwaka muzima nilitaka mutu aseme vile mbele ya batu. Akasema yeye.

Nikafungua kikopo. Mawese yamo, mekundu, mazito. Komanda akachungulia. "Mafuta haya iko kawaida?"

Hakujua, angekubali jibu lolote. Nikamuangalia mwenzangu. Alikuwa ameshaona rangi, na alijua ni mikono ya nani. Alinisubiri.

Nikasema, "Hii ni mawese, komanda. Nilitia mi. Yeye hakuwako."

Bakamufungua. Mi nikapigwa fimbo, spana zangu zikachukuliwa, nikawachotea maji na kukata kuni majuma mawili. Na aliyeniletea bugali na ndakala, dagaa zile za ziwa, siku zile ni muke wa muganga, mutu mwenye bwana kitandani kwa ajili yangu. Aliweka sahani chini akasema, "Kula, bado nina hasira na we." Mama, uko hapa. Asante. Muganga naye, unachechemea mupaka leo na bado unanisalimia wa kwanza. Asante. Muke wangu, uliniambia mapema.

Nilipotoka, hakuna aliyeniletea hata baiskeli. Nilikaa vile mupaka mwenzangu akavuka njia. "Kuja unikamatie mukono," akasema. "Kazi hii ya kutoa hewa inataka batu babili."

Tuliosha bomba lote la moto ya muganga, akaweka mipira mipya ya ndani, kwa sababu mawese yalikuwa yameivimbisha ya zamani. Kisha akanifundisha. Mi nakamata mukono na kushikilia, yeye anafungua kiskurubu chini, mapovu yanatoka, anafunga, ndipo naachilia. Nikiachilia kabla hajafunga, hewa inarudi ndani na kazi inaanza upya. Siku ya kwanza niliachilia mapema mara tatu, kwa hasira ya kuamriwa. Akaanza upya mara tatu, bila kunitukana.

Somo langu ni fupi. Musiombe tu wivu uondoke, maana wangu haujaondoka. Juzi mutu wa moto mupya amenipita akaenda kwa mwenzangu, na wivu ukaja tena. Lakini sasa nasema. Nilivuka njia nikamuambia, "Niko na wivu na we leo." Akanisogezea kiti.

Na we, ndugu yangu, uliyekaa pale ukutani. Miaka yote umeniita mutu aliyekuokoa, hata mbele ya batoto bako. Leo umesikia nilikuja mule darasani kufanya nini. Kesho asubuhi tuko na freni ya kutoa hewa. Nitavuka njia, nitasimama mulangoni pako. Kama hutaki nikamate mukono, uniambie tu, nitarudi kwangu.