Mzee Niambie Anaaga Dirisha la Malalamiko

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, tarehe 30 mwezi huu anastaafu mwenzetu wa dirisha la malalamiko katika ofisi yetu ya maji, ambaye sote tunamwita Mzee Niambie.

Alianza kama msoma mita. Alikuwa na kifafa tangu ujana, na alipoanguka mara mbili kwenye nyumba za wateja akahamishiwa ndani. Dawa zikamtuliza, na dirishani akang'ara. Mteja alifika amefura, bili mkononi, naye akampokea kama mgeni wa harusi. Waliokuja kwa shari waliondoka kwa heri. Tulidhani ni subira. Kumbe hasira yenyewe hakuwa akiiona.

Nyumbani mambo yalikuwa yale yale. Mkewe anasimulia kwamba aliwahi kumnunia wiki nzima, na mzee akawa anasifu utulivu wa nyumba.

Lakini siku moja haikuwa ya kucheka. Dada wa uhasibu alirudi kazini baada ya kumzika mama yake. Mzee akamtania mbele ya watu, eti amevimba uso kwa sababu chai imekosa sukari. Dada alilia sana. Akaomba mzee ahamishiwe stoo, maana asiye na huruma hafai kukaa na wateja, na wakubwa wakaelekea kukubali.

Mzee, aliyekwisha kuitwa moyo wa jiwe, alimwendea daktari wake. Huko akaelezwa kuwa kwa baadhi ya wenye kifafa, si wote, ugonjwa hugusa sehemu ya ubongo inayotambua hofu, hasira au huzuni kwenye uso wa mtu mwingine. Huruma anayo tele, ila habari haimfikii.

Katika kikao kilichofuata alisimama.

"Nyuso zenu sizisomi vizuri," alisema. "Mwenye hasira aniambie. Mwenye huzuni aniambie. Nikishajua, sitamwacha peke yake."

Kisha akamwomba dada radhi. Alibaki dirishani, na jina la Niambie likamganda. Tangu hapo humuuliza kila mteja anajisikiaje kabla ya kugusa bili yake. Mama mmoja mkimya alijibu kwamba anaogopa kukatiwa maji, ana mgonjwa ndani. Alihudumiwa kabla ya wote waliokuwa wakipiga meza. Sisi wengine, wenye macho mazima, tulikuwa tumempita bila kumwona.

Wiki hii kila mmoja wetu amepita dirishani pake akijikaza na kuchekacheka. Dada wa uhasibu peke yake ndiye aliyevuta kiti, akamwambia kuwa kuondoka kwake kunamuuma. Mzee alishangaa. Alidhani tunafurahia sherehe.

Asante, Mzee wetu, kwa kazi na kwa roho yako. Tunakuombea afya njema, usingizi mnono na siku ndefu za raha pamoja na mama watoto. Na hizo nyuso za tabasamu utakazoziona leo ukumbini, usiziamini. Tuna huzuni.