Asumini ya Pak Wasirun

Bwana Wasirun, au Pak Wasirun kama tunavyomwita kwa heshima, mtunza bustani wa zahanati yetu ya uzazi hapa Brebes, anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja. Nimeombwa niandike neno la kumuaga, mimi wa jikoni. Shule sikufika mbali, mnisamehe.

Alipoanza kazi, ua wa nyuma ulikuwa jaa la matofali. Akachagua pembe ambayo jua linashinda na ukuta unazuia upepo wa baharini, akachomeka kijiti cha asumini. Kikawa kichaka cha kumfika kifuani, kijani mwaka mzima. Maua yakipungua, aliyapunguza matawi bila huruma, na baada ya wiki chache kichaka cheupe tena. Wauguzi walimtania, "Pak, na mkeo unamnyoa hivyo?" Naye, "Thubutu! Yeye ndiye anayeninyoa mimi."

Ila maua yale hayakuwa ya pambo. Mama akijifungua mtoto asiyelia, Pak Wasirun alimchumia konzi moja, akaifunga kwenye jani la mgomba, ili mama akaimwage kwenye kaburi la mwanawe. Hakuuliza jina. Miaka minne iliyopita, konzi moja ilikuwa yangu.

Ndiyo maana jambo la Aprili linaniuma. Maji ya kuoshea mchele sisi hatuyamwagi, tunanyweshea mimea. Siku ile ndoo zilikuwa mbili, nikakosea, nikabeba ile ya maji ya chumvi tuliyolowekea mayai ya bata. Nikaimimina yote kwenye asumini. Juma halikuisha, majani yakawa kama yamebabuliwa na moto.

Nilimwendea nikilia. Akaonja udongo kwa ncha ya ulimi. "Binti yangu, mayai yako yamekolea kweli!" Kisha akachimba, akabadili udongo, akamwagilia maji matupu siku nyingi. Kichaka hakikuamka. Mei, akina mama wawili waliondoka mikono mitupu, bila hata ua moja. Aliwasindikiza mpaka langoni.

Kwenye tawi la mwisho lililobaki bichi alikata vijiti sita, akanipa nivipande palepale penye jua. "Hivi vyako. Mimi naondoka." Vitano vimeoza.

Pak Wasirun, cha sita kimetoa majani mawili asubuhi hii. Sijakwambia, nilitaka habari hii uisome hapa mbele ya wenzetu. Asante kwa miaka yote. Kapumzike vyema, afya ikujae, na siku ukija kututembelea, pitia uani kwanza.

Kasmirah, jikoni