Watu Kumi na Wawili wa Kaka Lokendra

Tarehe 9 mwezi wa Jestha mwaka huu, Halmashauri ya Simpani ilikosa ruzuku ya kujenga daraja la mtoni kwa upungufu wa watu kumi na wawili. Aliyewapunguza, Bwana Lokendra Budhathoki, mhasibu wetu mkuu, anastaafu leo, tarehe 31 mwezi wa Asar, baada ya miaka 29 ya utumishi. Tumemnunulia shali na saa ya ukutani.

Alianza enzi ambazo hata fedha ya chaki ilisubiri saini ya mji mkuu, Kathmandu. Alishuka wilayani siku mbili kwa miguu, chiura, mchele mkavu wa kupondwa, mfukoni, kuuliza bajeti imekwama wapi. Mfumo wa shirikisho ulipoingia na fedha zikaanza kuja kwetu moja kwa moja, wengine walicheza ngoma. Yeye alinunua kufuli la pili.

Hajawahi kunywa chai ya mkandarasi. Kila Asar, mwaka wa fedha ukiisha na majirani zetu wakimwaga lami kwenye mvua ili salio lisirudishwe, yeye alisimama barabarani na mwavuli akiwafukuza wenye mapipa: "Rudini kwenu. Hii ni lami au supu ya dengu?" Barabara yetu ina miaka saba na haina shimo. Kwa hilo tunamsifu.

Lakini ruzuku ya daraja ilitaka wakazi 6,000. Simpani inao 6,431. Kaka Lokendra akawafuta 443 wanaofanya kazi nchi za Ghuba, akapeleka mkoani 5,988. Nilimwambia, "Kaka, hao ndio wanaotulisha." Akajibu bila kuinua macho, "Dada Sarmila, aliyeko Doha havuki mto wetu."

Mmoja wao ni mume wangu. Sikukuu ya Dashain atarudi, naye atauvuka mto kwenye kiti kinachoning'inia kwenye waya, akijivuta kwa mikono, kama wanavyofanya watoto wa shule kila asubuhi. Nami niliyeingia ofisi hii na ufagio nimeusoma mwongozo wa ruzuku: ukurasa wa nne unasema mwenye nyumba na familia hapa huhesabiwa hapa.

Kaka, asante kwa barabara. Tunakuombea magoti imara na wajukuu wasiopenda hesabu. Mkoa unapokea masahihisho mpaka leo jioni, yakiwa na saini ya aliyepeleka takwimu. Fomu iko mezani kwako, chini ya ile saa ya ukutani. Gari la kuipeleka mkoani linaondoka saa saba mchana. Kabla ya hapo, tujibu kwa neno moja: utasaini au hutasaini?