Waya Alioukata Tata Kabamba

Wasikilizaji wapendwa wa Kolwezi, wa Nzilo, mpaka Lubudi kule ambako tunasikika kwa shida, leo nawaomba muongeze sauti kidogo. Tata Kabamba Kitenge, baba yetu na fundi wa redio hii, alitutoka Jumanne. Mapafu yalimshinda. Alikuwa na miaka sitini na moja. Nina uchungu, na sitauficha.

Alianza ufundi akiwa kijana kule Kisenge, akitengeneza redio za wafanyakazi wa mgodi. Lakini mimi nitawasimulia siku moja tu.

Mwaka jana, mvua ya mwezi wa kumi na mbili, shimo la wachimbaji liliporomoka. Siku mbili kabla, wezi walikuwa wameiba waya wetu unaounganisha mtambo na antena, ili wakauze shaba yake. Nikaletewa karatasi ya majina ya waliotolewa hai. Mimi, Jocelyne, nikaharakisha. Nikanunua waya wa televisheni sokoni, mlinzi wetu akaufunga, nikaanza kusoma.

Kosa ni langu. Mtambo wetu ni wa om hamsini, kipimo cha ukinzani wa umeme, na antena pia. Waya ule ni wa om sabini na tano. Visipopatana, nguvu haitoki yote. Nyingine inarudi na kuuchoma mtambo. Nilikuwa kwenye jina la nne Tata Kabamba alipoingia kutoka hospitali alikotibiwa mapafu, bandeji ya sindano ingali mkononi. Akaugusa mtambo kama mzazi anavyogusa mtoto mwenye homa.

"Mama Jocelyne, zimisha. Ukiunguza hii mashini, hakuna jina yenye itafika kwa mutu."

Nikazima. Wasikilizaji, mwanawe Sadrack alikuwa shimoni siku ile. Na jina lake lilikuwa kwenye karatasi yangu, la saba. Nikafungua kinywa nimwambie. Akainua mkono.

"Banamama bengine banangojea mu nyumba. Mi nitangulie kusikia mbele yabo juu ya nini?"

Saa mbili nzima alipima waya ule, akakata kipande, akapima, akakata tena. Alinieleza kwamba waya ukikatwa kwa urefu wa nusu za wimbi la redio zilizo kamili, mtambo hauoni tena tofauti. Mwishowe akauwasha mtambo, akaugusa: haukupata moto tena.

"Sasa soma."

Akatoka uani na redio yake ndogo. Nikasoma yote tangu la kwanza. Nilipofika la saba, nilimwona dirishani akijifunika uso.

Mke wake, Mama Florentine, aliniambia jana: "Redio ilinyamaza masaa mbili. Nilimukasirikia sana. Sikujua naye alikuwa anangojea sawa miye."

Mama Florentine, Sadrack, poleni sana. Redio hii nzima inalia pamoja nanyi. Na wewe unayenisikiliza, jiulize kimya kimya: karatasi ile ingekuwa mbele yako, ungengoja?

Wenzangu wanataka tununue waya mpya. Nimekataa. Ule alioukata bado uko mnarani, na maneno haya yamekufikia kwa kupitia humo.