Mzee Sayari na Zamu ya Angani

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Sayari, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne wa fundi saa na mshona nguo. Dada zake wanasema alichelewa kutembea lakini aliwahi kusema, na tangu hapo hakunyamaza.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958. Alipokuwa darasa la tano aliambiwa aandike insha kuhusu likizo yake, naye akaeleza wiki mbili alizokaa mwezini kwa shangazi yake. Mwalimu aliandika chini kwa wino mwekundu: "Uongo mtupu. Shangazi alirudi?" Insha hiyo tumeikuta kwenye droo yake, pamoja na vyeti vya sekondari, ambavyo si vya kujivunia sana.

Mwaka 1971 aliajiriwa kuwa karani katika ofisi ya maji, akawa anaandika hadithi nyuma ya fomu za malalamiko ya mabomba. Vitabu vyake vitatu vya sayari za mbali vilisomwa na watu wachache, waliomwandikia barua ndefu. Januari 1989 kituo cha televisheni kilimchukua aandike tamthilia ya "Zamu ya Angani", iliyorushwa kila Alhamisi kwa miaka ishirini na saba. Chombo chenyewe cha angani kilijengwa kwa trei za mayai zilizopakwa rangi ya fedha. Aliandika akizunguka chumbani, akisema maneno ya kila mhusika kwa sauti, hata majirani wakadhani ana wageni.

Tarehe 6 Desemba 1980 alimuoa muuguzi aliyemwambia, "Hadithi zako nitazisoma, ila taka utatoa wewe." Walijaliwa binti mmoja, ndiye anayewasomea wasifu huu. Mkewe alifariki Mei 2006. Siku ya mazishi binti alimwambia baba yake kwa uchungu, "Mama alikusubiri mezani miaka yote, wewe unaongea na watu wasiokuwepo." Miezi minne baadaye binti aliyasikia maneno hayo kwenye tamthilia, neno kwa neno, kinywani mwa mwigizaji. Akapiga simu.

"Baba, yale yalikuwa yangu."

"Yalikuwa mazuri, mwanangu. Ningeyaachaje?"

Binti akakata simu, na hawakuongea tena.

Kuanzia wiki iliyofuata, kila sehemu ya tamthilia iliisha kwa mtu wa redio, peke yake chomboni, akisema: "Naita nyumbani. Nipo, nasikiliza." Mwongozaji alitaka kumwondoa mara kadhaa, kwa kuwa hakuhusiana na kisa. Marehemu alimjibu, "Kata kingine chochote."

Tamthilia ilikoma mwaka 2016, na mwaka huohuo figo zikaanza kumsumbua. Aliishi peke yake katika vyumba viwili, ghorofa ya tatu. Jirani yake, fundi viatu, ndiye aliyempeleka kusafishwa damu kila Jumanne na Ijumaa, na ndiye aliyemkuta amefariki kitini asubuhi ya Alhamisi, tarehe 9 Agosti 2018. Simu ilikuwa mapajani. Fundi, Mungu akulipe.

Ameacha dada wawili, binti mmoja, na mjukuu ambaye hakuwahi kumbeba.

Binti anaomba ijulikane kwamba alikuwa anatazama. Kila Alhamisi kwa miaka kumi alikaa mpaka mtu wa redio amalize, ndipo akazima. Namba alikuwa nayo. Hakupiga, na anajuta.

Baba, nimekusikia. Zamu yako imekwisha, pumzika.